Lori la umeme, baridi kali na sifa za pampu ya joto

Ford ilipoanza kuuza F-150 Lightning mwaka 2022, pikapu ile ilikuja na betri kubwa, mota mbili za umeme, hata soketi za kuweza kuwasha nyumba nzima umeme ukikatika. Kitu kimoja haikuwa nacho: pampu ya joto. Kabini yake ilipashwa kwa hita ya kawaida, umeme unaingia, waya unapata moto, joto linapelekwa ndani. Rivian R1T, iliyoitangulia sokoni mwaka 2021, ilikuwa hivyo hivyo. Baridi ilipoingia katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani, wenye magari wakaona masafa ya chaji moja yanavyoyeyuka, na lawama zikaiangukia hita. Kampuni zote mbili zikasikia. Lightning ya toleo la 2024 ikatoka na pampu, na R1T ya kizazi cha pili ikafuata Juni 2024.

Tangu hapo pampu ya joto imekuwa swali la kwanza la kila anayenunua gari kubwa la umeme katika nchi ya theluji. Ina pampu? Kama haina, hapana. Muuzaji naye amejifunza kulitaja jambo hilo kabla hajaulizwa. Mimi nina shaka na sifa hizo. Mtambo wenyewe ni mzuri na hesabu yake ni ya kweli. Ila nadhani unasifiwa kwa kazi ambayo haiokoi sana, na kazi unayoifanya vizuri haizungumzwi.

Kwanza mtambo wenyewe. Ukipeleka mkono nyuma ya friji utasikia joto, na sehemu kubwa ya joto hilo limetoka ndani, kwenye maziwa na nyama. Friji haitengenezi baridi. Inahamisha joto kutoka ndani kwenda nje. Pampu ya joto ya gari ni mashine hiyo hiyo ikifanya kazi kinyume: kompresa ile ile ya AC, gesi ile ile, lakini vali zimegeuzwa ili joto liokotwe nje na kuletwa ndani. Ajabu yake ni kwamba hata hewa iliyo chini ya sifuri ina joto la kuokota, mradi gesi iliyo ndani ya mabomba iwe na baridi kuizidi hewa hiyo.

Faida inatokana na hapo. Hita ya waya ikipewa kilowati moja ya umeme inatoa kilowati moja ya joto, haiwezi zaidi. Pampu, hewa ya nje ikiwa nyuzi 5 au 7 juu ya sifuri, huweza kutoa mbili na nusu hadi tatu kwa umeme ule ule, kwa sababu umeme unatumika kuhamisha joto na si kulizalisha. Hewa ikishuka nyuzi 10 chini ya sifuri, faida hupungua hadi mbili hivi, pengine chini ya hapo. Ikifika 20 chini ya sifuri, mifumo mingi inayovuta joto hewani huwa imechoka, na hita ya waya ndiyo inayobeba mzigo.

Sababu iko kwenye gesi. Magari mengi mapya ya Ulaya na Marekani hutumia gesi iitwayo R1234yf, ambayo huchemka karibu nyuzi 30 chini ya sifuri kwenye mgandamizo wa kawaida wa hewa. Kadiri hewa ya nje inavyokaribia kiwango hicho, gesi inayorudi kwenye kompresa inakuwa nyepesi, na kompresa inazunguka kwa nguvu zote huku ikisukuma gesi kidogo sana. Juu ya hayo, rejeta ya mbele inayookota joto huganda barafu, hasa kukiwa na unyevu, na mfumo hulazimika kusimama kidogo au kujigeuza ili kuiyeyusha. Wahandisi wana mbinu za kusogeza mpaka huo. Ford, kwa mfano, imetumia kompresa inayochomekewa mvuke wa ziada wa gesi hiyo katikati ya kuigandamiza. Volkswagen kwenye magari yake ya ID ilichukua njia nyingine, gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo inavumilia baridi vizuri zaidi lakini inadai mabomba ya kuhimili mgandamizo wa zaidi ya baa 100, yaani karibu mara 100 ya mgandamizo wa kawaida wa hewa. Mpaka unasogea, hauondoki.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo maneno ya matangazo na barabara vinapoachana.

Chukua pikapu kama Lightning kwenye barabara kuu, nyuzi 10 chini ya sifuri, mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Kuisukuma peke yake kunataka kilowati 32 hivi. Kabini ikishapata joto, kuidumisha kunataka tuseme kilowati 4. Kwa hita ya waya jumla ni 36. Weka pampu yenye faida ya mbili: jumla inakuwa 34. Umeokoa asilimia 5 au 6. Kwa dereva aliyetarajia kuvuka jimbo, hizo ni kilomita chache. Asipofika kwa hita, kuna uwezekano mkubwa kwamba na kwa pampu hafiki.

Iingize pikapu hiyo hiyo mjini, kwenye foleni, mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kuisukuma sasa kunataka kilowati 7 au 8 tu, lakini kabini inataka 5, kwa sababu safari ni fupi, vyuma na vioo bado ni baridi, na milango inafunguliwa kila mara. Hapo joto linakula asilimia 40 ya umeme wote. Pampu ikiligawa mara mbili, unaokoa asilimia 20. Gari ni lile lile na baridi ni ile ile, ila faida imezidi mara tatu na zaidi kwa sababu mwendo umepungua.

Kwa mwanga huo ndipo unapaswa kusomwa utafiti wa chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, wa mwaka 2019, unaonukuliwa kila majira ya baridi. Walipima magari matano ya umeme na kukuta kwamba kwenye nyuzi 7 hivi chini ya sifuri, hita ikiwa imewashwa, masafa yalishuka kwa wastani wa asilimia 41. Bila hita, asilimia 12 tu. Watu huisoma namba hiyo kama hukumu ya barabara kuu. Lakini yalikuwa magari madogo, si malori, na mwendo wa vipimo vya maabara una kusimama na kuondoka kwingi. Ukiihamishia kwenye lori la tani 40 linalokimbia usiku kucha, umehamisha namba bila kuhamisha hali yake.

Lori hilo la tani 40 lina hesabu ya kushangaza. Malori ya umeme ya aina hiyo, kama Volvo FH Electric yenye betri ya hadi kilowati-saa 540 au Mercedes eActros 600 yenye 621, hutumia zaidi ya kilowati-saa moja kwa kila kilomita. Tuseme 1.2. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ni kilowati 96 zinazotoka kwenye betri kulisukuma. Kabini inataka 3. Hata ukiipasha kwa hita ya waya iliyo duni kuliko zote, ni asilimia 3. Pampu ikiokoa nusu, umepata asilimia moja na nusu, ambayo upepo wa mbele unaichukua kabla hujafika kituo cha kwanza.

Lakini malori hayo nayo hupoteza masafa wakati wa baridi, na si kidogo. Kinachoyala ni vitu ambavyo pampu ya kabini haiwezi kuvigusa. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni nzito kwa asilimia 16 kuliko hewa ya nyuzi 20 juu, na lori lina uso mpana wa kuisukuma. Matairi yanakuwa magumu. Grisi inakuwa nzito. Betri iliyoganda haikubali kurudishiwa umeme wa breki, kwa hiyo mteremko ambao kiangazi ungekulipa, sasa unaishia kwenye breki za kawaida. Theluji barabarani nayo inadai ushuru wake kwa kila mzunguko wa gurudumu. Meneja wa malori anayeulizia pampu ya kabini huku hajaulizia betri inapashwaje kabla ya safari, amekagua taa na kuacha matairi.

Kuna jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha suala zima: pampu inaokota joto wapi? Tunazungumza kana kwamba ni hewani tu. Mifumo mizuri huokota pia kwenye maji yanayopooza mota, vifaa vya umeme na betri. Lori linalotumia kilowati 96 hupoteza kilowati kadhaa kama joto la mota na vifaa vyake. Sema 7 au 8. Joto hilo lipo tayari, halilipiwi tena, na linazidi mahitaji ya kabini. Pampu inayoweza kulifikia haijali nje kuna nyuzi ngapi, kwa sababu haiokoti nje. Tesla iliyajenga magari yake juu ya wazo hilo kuanzia Model Y ya 2020, kwa vali moja yenye njia nyingi inayoamua kila dakika joto litoke wapi na liende wapi.

Ona basi kinachotokea. Lori likiwa mbioni, pampu ina joto jingi la kuokota, lakini wakati huo kabini ni sehemu ndogo ya matumizi na akiba yake haionekani. Lori likisimama usiku, mota zimepoa, hewa ya nje ni baridi kuliko mchana, na dereva amelala nyuma ya kiti akihitaji joto hadi asubuhi. Hapo ndipo kila kilowati inahesabika, na hapo ndipo pampu haina cha kuokota ila hewa ya baridi. Mtambo unapata msaada mkubwa pale ambapo hauhitajiki sana, na unabaki yatima pale unapohitajika.

Kanuni za Umoja wa Ulaya, ile ya namba 561 ya mwaka 2006, humtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya saa nne na nusu za usukani, na kwa kawaida apate saa 11 za mapumziko kila siku. Saa hizo 11 za kabini yenye kitanda, insuleshini nzuri, baridi kali nje, zinataka wastani wa kilowati moja na nusu. Ni kilowati-saa 16 na nusu kwa hita ya waya, au nusu yake kwa pampu ikiwa bado ina nguvu. Kwa masafa, ni kilomita 14 dhidi ya 7. Ukipaki kwenye soketi, tofauti hiyo inabaki kuwa senti kwenye bili. Ukipaki pembeni ya barabara bila umeme, na betri imebaki asilimia 10, ndipo unaanza kuitafuta pampu.

Ipo pia njia ambayo naona inadharauliwa. Betri ya lori kubwa ina uzito wa tani kadhaa. Betri ya tani 4 ikipashwa nyuzi 10 zaidi ya ilivyohitaji, ikiwa bado kwenye chaja, inakuwa imehifadhi kilowati-saa 11 hivi za joto tupu, mbali na umeme wenyewe. Pampu inaweza kulichota joto hilo taratibu usiku na kulipeleka kabini. Hasara yake ni kwamba asubuhi betri itakuwa imepoa, na betri baridi huchaji polepole. Kwa hiyo mtu anayeendesha programu ya lori lazima ajue kesho gari linaelekea wapi. Kazi hiyo ni ya kupanga ratiba zaidi kuliko ya mabomba na gesi, na watengenezaji wengi wangependa kukuuzia mabomba.

Tusisahau tunalinganisha na nini. Lori la dizeli likiachwa linaunguruma usiku ili dereva asigande hula karibu lita 3 kwa saa. Kwa saa 11 ni lita 33, na kila lita ina nishati ya kilowati-saa 10 hivi. Kilowati-saa 330 zimechomwa ili kumpa mtu mmoja joto la 16. Ndiyo maana madereva wenye akili, au wenye matajiri wenye akili, walifunga zamani hita ndogo za dizeli za Webasto au Eberspächer, zinazotumia lita mbili hivi usiku mzima na injini imezimwa. Mabasi mengi ya umeme ya Ujerumani na nchi za Skandinavia nayo yana hita za mafuta za namna hiyo hiyo, na kila mara mtu akizigundua huandika kwa mshangao kana kwamba ameikuta nyama kwenye sahani ya mla mboga. Sioni kashfa. Basi linalosafiri siku nzima kwa umeme na kuchoma lita chache za mafuta kwenye siku za baridi kali limeokoa karibu kila kitu kilichokuwa cha kuokolewa. Mnunuzi wa lori la kwenda kaskazini mwa Uswidi angekuwa mjinga kuikataa hita hiyo kwa ajili ya usafi wa jina.

Pampu inang'aa wapi basi? Usiku wa Januari 3 kuamkia 4, mwaka 2022, theluji iliziba barabara kuu ya I-95 huko Virginia, na mamia ya madereva wakakwama, wengine kwa zaidi ya siku nzima. Seneta Tim Kaine alikaa ndani ya gari lake saa 27. Papo hapo ukazuka mjadala: ingekuwaje kama magari yote yangekuwa ya umeme? Wengi waliojibu waliongozwa na hofu au ushabiki. Hesabu ni rahisi. Pikapu iliyobakiwa na nusu ya betri ya kilowati-saa 131, ikitumia kilowati mbili na nusu kwa hita, inakaa saa 26. Seneta angebakiwa na saa moja ya kutetemeka. Ikiwa na pampu, na baridi ni ya nyuzi chache tu chini ya sifuri, muda huo unakaribia maradufu, siku mbili. Hili ndilo tangazo ambalo ningeliweka ukutani kwa muuzaji. Wao wanauza kilomita, wakati pampu inaongeza saa za kukaa hai ndani ya gari lililosimama.

Vivyo hivyo kwa magari ya kusambaza mizigo mjini, ambako dereva hushuka na kupanda mara mia, na mlango hauishi kufunguliwa. Ingawa hapo nasita kidogo: kwa kazi hiyo kiti cha joto na usukani wa joto, vinavyokula wati mia moja au mia mbili, vinaweza kumfaa dereva kuliko kupasha hewa ambayo itatoka nje dakika mbili baadaye. Atakayelipia kilowati 5 za kupasha barabara shauri yake.

Upande wa uimara nao una historia fupi ya kukumbukwa. Majira ya baridi ya 2021 kuingia 2022, baadhi ya wenye Tesla nchini Kanada na kaskazini mwa Marekani walikosa joto kabisa baridi ilipokuwa kali. Februari 2022 Tesla iliyaita magari 26,681 nchini Marekani kwa sababu programu iliyosimamia vali ya mfumo huo ingeweza kuufanya ushindwe kuondoa ukungu na barafu kwenye kioo cha mbele ipasavyo. Dawa ilikuwa programu mpya iliyotumwa kwa mtandao. Hita ya waya haina vali ya kukwama. Inakula umeme mwingi, inakera, lakini ukibonyeza inawaka. Katika nyuzi 30 chini ya sifuri, kioo kilichoganda kinaweza kuua upesi kuliko betri iliyopungua, na kwa sababu hiyo lori lisilo na hita ya akiba, hata kama pampu yake ni ya ajabu namna gani, mimi singelinunua kwa ajili ya Alberta kule Kanada au Minnesota kule Marekani.

Na mwenye kudhani pampu inamaliza habari akumbuke Chicago, Januari 2024. Picha za Tesla zilizopanga foleni kwenye vituo vya kuchaji zilizunguka dunia nzima. Nyingi ya Tesla za miaka ile zilikuwa na pampu ya joto. Tatizo lilikuwa betri zilizofika kituoni zikiwa zimeganda, zisizoweza kupokea chaji haraka, na wenye magari wengi hawakuwa na soketi nyumbani. Norwei, ambako karibu asilimia 89 ya magari mapya madogo ya mwaka 2024 yalikuwa ya umeme, baridi ni ya kawaida na foleni za namna hiyo si habari ya kila mwaka, kwa kuwa watu wengi hulaza gari kwenye umeme na huondoka asubuhi kabini na betri vikiwa vimepata joto la kutoka ukutani. Soketi ya usiku inafanya kazi kuliko pampu yoyote, lakini haiwekwi kwenye orodha ya vifaa vya gari, kwa hiyo hakuna anayeipigia debe.

Wapo Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi wanaoendesha malori Marekani na Kanada, na baadhi yao sasa wanamiliki lori moja au mawili. Wao ndio wanaopaswa kuwa wakali na muuzaji. Si kwa swali la kama pampu ipo, bali kwa maswali yanayomtoa jasho: inaokota joto hewani tu au na kwenye mota? Ikishindwa, kuna hita ya akiba ya kilowati ngapi? Nikilala ndani saa 11 katika nyuzi 20 chini ya sifuri, asubuhi nitakuta asilimia ngapi ya betri? Swali hili la mwisho linapaswa kujibiwa na karatasi ya kila gari, kwa kipimo kimoja kinachofanana, na serikali zilizoweza kulazimisha namba ya masafa zingeweza kulazimisha na hii. Namba moja ya masafa iliyobandikwa dirishani haimwambii chochote mtu anayelala barabarani.

Ford yenyewe imeshachukua njia nyingine. Desemba 2025 ilitangaza kwamba inaachana na Lightning ya umeme mtupu na kwamba itakayofuata itakuwa na jenereta ya petroli ndani ya gari, kwa ajili ya kuongeza masafa. Sababu zao zilikuwa za fedha na soko zaidi kuliko baridi, na hesabu zao wanazijua wenyewe. Lakini injini ikirudi inarudi na joto lake la bure, lile ambalo hakuna dereva wa petroli aliyewahi kulihesabu, na pampu iliyodaiwa kwa kelele miaka michache tu kabla ya hapo itakuwa na kazi ndogo zaidi ndani ya gari hilo jipya.